Kwa Wanangu Mlioshuka Jukwaani Kabla ya Wimbo Wenu

Wanangu,

Salamu zangu ziwafikie ninyi nyote watano, pamoja na vijana wengine wa nyumba zinazozungumza Kiswahili hapa Stockholm na vitongoji vyake ambao mmeanzisha bendi au mnafikiria kuanzisha. Nimeamua kuiandika barua hii wazi, kwa kuwa mlichokifanya mlikifanya mbele ya watu.

Jumamosi ile ya sherehe niliketi safu ya pili. Mlikuwa mmekwisha kupiga nyimbo tatu, ukumbi umejaa, na watoto wamekaa sakafuni mbele ya jukwaa wakiusubiri ule wimbo wenu wanaoujua tangu neno la kwanza. Hapo ndipo mpiga gitaa alipochomoa waya wake na kutangaza kwamba hatapiga tena wimbo unaoanza kwa kinanda, na mwimbaji akamjibu kwa maneno ambayo sitayarudia, kwa sababu wazazi wenu nao wataisoma barua hii. Dakika tano baadaye jukwaa lilikuwa tupu. Nilirudi nyumbani Upplands Väsby kwa treni ya mwisho nikiwa na hasira, na hasira hiyo haijanitoka, kwa kuwa ugomvi huo nimekwisha kuuona. Ulitokea kwa watu waliokulia katika mtaa huu huu ninaoishi mimi, nao walikuwa na mengi zaidi ya kupoteza kuliko ninyi.

Ninawazungumzia Europe, bendi ya roki ya hapa Uswidi. Najua ninyi mnawajua kwa wimbo mmoja, The Final Countdown, unaopigwa kwenye viwanja vya michezo, na pengine mnawacheka kwa nywele zao za zamani. Nawaomba muwasikilize kwa makini zaidi kidogo.

Bendi hiyo ilianza mwaka 1979 hapa Upplands Väsby ikiitwa Force. Joey Tempest aliimba, John Norum alipiga gitaa, na wote walikuwa bado vijana wadogo wa umri wenu. John Levén, mpiga gitaa la besi, aliingia baadaye kidogo, kisha katika siku hizo za mwanzo akakorofishana na mwenzake na kuhamia kwenye bendi ya mpiga gitaa Mswidi Yngwie Malmsteen, na baada ya miezi michache akarudi. Liwekeni akilini hilo la Levén, kwa maana hata kabla ya umaarufu na fedha walikuwa wamekwisha kujifunza kumpokea mtu aliyeondoka. Mwaka 1982, wakiwa wamechukua jina la Europe, waliingia katika mashindano ya bendi ya Rock-SM kwa sababu msichana aliyekuwa rafiki wa Tempest aliituma kanda yao bila kuwaambia. Kati ya bendi zipatazo 4,000, wao ndio walioshinda, na zawadi ilikuwa mkataba wa kurekodi. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1983 na ya pili mwaka 1984, mwaka ambao Mic Michaeli alijiunga kwa upande wa kinanda na Ian Haugland akakalia ngoma. Watu wa Japani waliwapenda mapema, wakati sehemu kubwa ya dunia ilikuwa haijawasikia.

Nchi hii ina shule za muziki za manispaa ambako mtoto wa mfanyakazi yeyote anaweza kufundishwa ala, na vyama vya elimu ya watu wazima vinavyogharimia vyumba vya mazoezi. Ninyi mmevitumia vyote viwili. Wengi katika nchi tulizotoka hawana hata kimoja, kwa hiyo sitaki kusikia tena kisingizio cha mahali pa kufanyia mazoezi.

Sasa nifike kwenye kinanda.

Ule mlio wa mwanzo wa The Final Countdown, unaotambulika hata na mtu asiyejua muziki, Tempest aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kinanda cha Korg Polysix alichoazima kwa Michaeli. Ulikaa miaka kadhaa bila kutumika, mpaka Levén alipompa wazo la kuujengea wimbo kamili. Tempest alipouleta kwa wenzake, nia yake ilikuwa upate kufungulia maonyesho yao, na hakuna aliyeuona kama wimbo wa kuwapeleka popote. Norum hakuupenda mlio ule. Alikuwa mpiga gitaa aliyelelewa na roki nzito, aliyeamini kwamba katika muziki wa aina hiyo gitaa ndilo linalotangulia, na kinanda kikae nyuma kikisaidia. Wenzake waliamua vinginevyo, wimbo ukarekodiwa chini ya mtayarishaji Mmarekani Kevin Elson, na albamu yenye jina hilo hilo ikatoka mwezi Mei 1986.

Mimi nilikuwa nimefika Uswidi mwaka mmoja kabla, nikitokea Tanga, na nilikuwa nikifanya kazi ya usafi zamu ya usiku. Nakumbuka majira ya vuli ya mwaka ule jinsi redio zilivyokuwa zikiurudia wimbo ule asubuhi na jioni, na jinsi wenyeji wa Väsby, watu wasio na desturi ya kujisifu, walivyokuwa wakimweleza mgeni kama mimi kwamba vijana wale ni wa hapa. Ulishika nafasi ya kwanza katika nchi 25. Uingereza ulikaa kileleni wiki mbili, na Marekani ulifika nafasi ya nane, kisha wimbo wao mwingine wa polepole, Carrie, ukafika nafasi ya tatu huko Marekani mwaka 1987.

Lakini Carrie ulipofika huko, Norum hakuwapo tena. Alikuwa ameondoka mwishoni mwa 1986, wakati wimbo uliomkera ukiwa umeshika vilele vya chati. Alilalamika kwamba magitaa yamezamishwa na vinanda, na hakupenda jinsi bendi ilivyogeuzwa kuwa picha za kubandikwa kwenye vyumba vya wasichana. Nafasi yake ilichukuliwa na Kee Marcello.

Mwanangu mpiga gitaa, naomba unisikilize hapa, kwa kuwa najua utasema, basi Norum alifanya kama mimi. Hapana, hakufanya kama wewe. Norum alitofautiana na wenzake kuhusu sauti, na tofauti ya sauti ni jambo la heshima kati ya mafundi. Alikwenda akafanya kazi aliyoiamini, akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 1987, baadaye akapiga gitaa pamoja na mwimbaji Mmarekani Don Dokken. Wewe uliwaadhibu watoto waliokaa sakafuni kwa kosa ambalo, kama ni kosa, lilifanywa na wenzako wanne katika chumba cha mazoezi. Ulikuwa na wiki sita za kusema usilolipenda. Ulinyamaza mazoezini, ukasemea jukwaani, na mtu anayefanya hivyo anataka kumwaibisha mwenzake, kwa kuwa angetaka kusikilizwa angesema mapema.

Na wewe mwimbaji usidhani nimekusahau. Ulipoambiwa kwamba gitaa halisikiki, ulijibu kwamba watu wanakuja kukuona wewe. Nani alikufundisha kusema hivyo? Tempest ndiye mtunzi wa The Final Countdown peke yake, jina lake ndilo liko kwenye wimbo, sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye magazeti ya nusu ya dunia, na bado siku ilipofika ya kuirudisha bendi, hakuirudisha kwa kuajiri watu wapya nyuma yake. Alikwisha kujaribu kwenda peke yake, akatoa albamu tatu kati ya 1995 na 2002, anaijua njia hiyo. Hata hivyo alirudi kwa wale wanne, akiwemo yule aliyemwachia bendi wakati wa mavuno.

Nakiri kwamba sisi wazazi tumechangia. Tunawaalika mpige bure kwenye sherehe za jumuiya, tunawaweka jukwaani saa sita usiku baada ya hotuba kumi, na mkimaliza tunampiga picha mwimbaji peke yake na kumtuza yeye peke yake, huku mpiga ngoma akikunja vyombo gizani bila kupewa hata maji ya kunywa. Nyumbani tunawaambia muziki ni uhuni, halafu wimbo ukisikilizwa na watu wengi tunajitokeza na kusema mtoto ni wetu. Waliokulia Dar es Salaam wakati wangu wanakumbuka jinsi matajiri walivyokuwa wakiwang'oa wanamuziki kutoka bendi hii hadi ile, na mashabiki tukashangilia kama watu wanaotazama mpira, bila kujali ni nini kilichokuwa kinavunjika. Tabia hiyo tumehama nayo. Tumewafundisha kwamba katika kundi lazima awepo mmoja mwenye thamani, kisha tunashangaa mnapogombea kuwa huyo mmoja.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Kabla ya wimbo kutoka, kaeni mwandike nani ametunga nini, msajili STIM, ambacho ndicho chama kinachosimamia haki za watunzi hapa Uswidi, na kila mtu aweke sahihi. Mkataba wa meneja usomwe na mwanasheria. Msirekodi mkiwa mmenuniana. Yule mwenye kinanda apunguze sauti, kwa sababu katika hilo mpiga gitaa alikuwa na haki.

Naomba sasa muutazame mwisho wa miaka yao ya mwanzo, kwa sababu hapo vijana wengi hudhani hadithi imekwisha. Albamu ya mwaka 1988, wakiwa na Marcello, ilifanya vizuri. Iliyofuata ilitoka mwezi Septemba 1991, mwezi ule ule bendi ya Kimarekani Nirvana walipotoa albamu ya Nevermind, na ladha ya dunia ikageuka mara moja. Watu walitaka sauti chafu zaidi na mavazi ya kawaida, na bendi za roki zilizong'ara katika miaka ya 1980 zikaachwa kama nguo za msimu uliopita. Mwaka 1992 Europe walisimama. Sikusikia wakitangaza vita, wala wakitukanana magazetini, na nadhani hilo lilifaa kuliko nyimbo zote walizotunga wakati ule.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999, mji wa Stockholm ulipokuwa ukiukaribisha mwaka 2000, walipanda jukwaani pamoja kwa usiku ule mmoja. Norum alikuwapo. Marcello naye alikuwapo. Aliyeondoka na aliyeichukua nafasi yake walisimama jukwaa moja, wakapiga pamoja ule wimbo ulioanza ugomvi. Naliweka tukio hilo juu ya nafasi zote za kwanza katika nchi 25, kwa kuwa kushika nafasi ya kwanza kunaweza kutokea kwa bahati, lakini watu wawili hawasimami hivyo kwa bahati, bali huwa wamejizuia kwa miaka kusema ya kutosameheka.

Mwaka 2003 walitangaza kwamba wamerudi, na mwaka 2004 wakatoa Start from the Dark. Itafuteni mkaisikilize wote watano mkiwa chumba kimoja. Magitaa yako mbele, mazito, na kinanda kimekaa nyuma kikisaidia. Yaani kile ambacho Norum alikidai mwaka 1986, alikipata baada ya miaka kumi na minane, ndani ya bendi ile ile, pamoja na watu wale wale, na Michaeli mwenye kinanda akiwa bado mwenzake. Tangu hapo hawajabadilisha mtu. Wametoa War of Kings mwaka 2015 na Walk the Earth mwaka 2017, iliyorekodiwa katika studio za Abbey Road jijini London na kuwapatia tuzo ya Grammis ya roki nzito hapa nyumbani mwaka 2018. Ni wazee sasa, wanakaribia umri wangu, na wanapiga vizuri kuliko walivyopiga wakiwa vijana.

Na The Final Countdown bado wanaupiga kila wanapopanda jukwaani. Norum, ambaye hakuupenda mlio ule, anasimama upande wake wa jukwaa na kuupiga wimbo mpaka mwisho, na inapofika zamu ya gitaa anaipiga kama mtu mwenye deni kwa waliokuja kumsikiliza. Mpiga gitaa wangu, itazame mikono yake, kisha uniambie kama kuupiga wimbo ule kumempunguzia kitu.

Mkitaka kuachana, achaneni. Sitawalazimisha, na huenda baadhi yenu mna sauti nyingine ndani mwenu ambayo bendi hii haiwezi kuibeba, kama Norum alivyokuwa nayo. Ila watoto wale wanawadai wimbo mmoja, na mwenye ukumbi amekubali kutupatia Jumamosi nyingine.

Gitaa la besi mliliacha ukumbini, nimelichukua na liko chumbani kwangu pamoja na nyaya zote na ule mkoba wa vijiti vya ngoma. Njooni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kutakuwa na pilau. Mpiga gitaa na mwimbaji, ninyi wawili mtangulie kwa nusu saa, kabla ya wenzenu kufika.

Mzee wenu wa Väsby