Kwa kaka yangu, kuhusu ganzi ya Mama

Shikamoo, kaka. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu maneno uliyoyasema mbele ya ukoo, kwamba nilimkatizia Mama dawa za saratani, yamekwisha kufika mbali kuliko barua hii itakakofika.

Ile Idd ya kwako sijaisahau. Mama alikuwa ametundikiwa dripu juzi yake, akaomba maji ya vuguvugu, nawe ukamletea sharubati ya ukwaju yenye barafu, ukamsimamia mpaka akainywa kwa kuwaonea haya wakwe zako. Akajishika koo, akawa anatafuta pumzi, na wewe ukacheka ukasema siku hizi Mama anadeka. Kaka, ile ni oksaliplatini, dawa ya saratani iliyokuwa kwenye dripu. Dawa hiyo huzifanya neva, yaani mishipa ya fahamu, zisistahimili baridi: kwa siku kadhaa baada ya dripu, kugusa tu chupa iliyotoka kwenye friji huchoma vidole kama sindano, na kinywaji baridi humfanya mgonjwa ahisi koo limeziba ingawa njia ya hewa i wazi. Muuguzi alitueleza sote wawili; wewe ulikuwa unaongea na simu.

Najua unampenda. Uliuza pikipiki ili apimwe, wala hukumwambia mtu. Lakini aliyekuwa akimfunga vifungo vya gauni ni mimi, na ni mimi niliyeona kandambili ikimchomoka mguuni naye akaendelea kutembea hadi uani, bila kujua kwamba mguu mmoja uko peku. Alinisihi nisimwambie daktari. Nilimwambia. Daktari akaiondoa oksaliplatini, akaziacha dawa nyingine mbili ziendelee, na hivyo ndivyo ifanywavyo ganzi inapofikia kumzuia mgonjwa kazi zake, kwa kuwa madhara ya dawa hiyo kwa neva hulimbikizana kila dozi na huweza kuzidi kwa miezi hata baada ya dawa kusimamishwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, wa wagonjwa zaidi ya 12,000 wa saratani ya utumbo mpana hatua ya tatu kama yake, ulionyesha kwamba waliotibiwa miezi 3 waliumia neva kwa uchache sana kuliko waliotibiwa miezi 6, huku tofauti ya ugonjwa kurudi ikiwa ndogo. Sasa niambie, nilimkatizia nini?

Ungekuwa ukikaa naye jioni moja tu, akitafuta sarafu ndani ya pochi kwa macho kwa kuwa vidole havimwambii kitu, usingethubutu kulitamka neno lile.

Vile vidonge vya vitamini ulivyomtumia viko kabatini, sijampa. Hakuna vitamini iliyothibitika kuzuia ganzi hii wala kuiondoa. Daktari amemwandikia duloksetini, ambayo humpunguzia maumivu ya usiku, ingawa ganzi yenyewe bado ipo. Tafadhali usimtumie vingine.