Asante kwa mwongozaji wetu wa Titan Missile Museum, Arizona

Ndugu mwongozaji, jina lako hatukulipata, lakini pokea shukrani zetu. Ngazi 55 kwenda chini, na hukumharakisha mtu.

Ulieleza vizuri kwa nini funguo za kurusha kombora ni mbili: swichi zimetenganishwa ili mtu mmoja asizifikie zote, na lazima zigeuzwe pamoja na kushikiliwa sekunde 5. Baada ya sekunde 58, kombora la nyuklia la Titan II lingeruka kutoka shimo lake. Mafuta yake na kioksidishaji vikigusana huwaka bila cheche. Kule Damascus, Arkansas, mwaka 1980, soketi ya spana ilianguka ikatoboa tangi la mafuta la kombora kama hili. Saa chache baadaye shimo lote la kombora likalipuka. Hapo wengi hutia chumvi. Wewe ulituonyesha tu springi 8 zinazoning'iniza chumba cha udhibiti. Asante sana.