Shangazi yako kaninunia

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo mwaya? Huku Tanga salama, joto tu. Nakuandikia mapema maana najua simu ya shangazi yako ishafika huko, ati Jumanne nimempita pale soko la samaki la Deep Sea sikumuamkia, kiburi kimenijaa tangu nifungue kigenge. Wallahi sikumuona!

Ilikuwa mnadani, dalali kashika fungu la vibua anapandisha, elfu kumi na mbili, na tatu, na nne, nami nina kumi na tano tu mkononi na kuna mama mmoja wa Ngamiani ananifukuzia, basi akili yangu yote iko kwenye mdomo wa dalali na vidole vya yule mama. Shangazi anasema alikuwa mbele yangu hatua mbili, kanga nyekundu, tena tukatazamana macho kwa macho.

Jioni nikamsimulia mdogo wangu wa chuo, akacheka, akanifungulia video. Watu wanarushiana mpira, ati hesabu pasi za waliovaa nyeupe. Nikahesabu weee, sikukosea hata moja. Akaniuliza, na gorila je? Gorila gani? Akarudisha nyuma, mtu kavaa gorila kaingia katikati yao, kajipiga kifua, katoka zake, sekunde 9 nzima! Nikamwambia umebadilisha video wewe. Kumbe ni jaribio la 1999 la kina Simons na Chabris wa Harvard kule Marekani, na karibu nusu ya watu hawakumuona, kama mimi.

Ila kilichonimaliza ni cha 2013. Madaktari 24 wa picha za mionzi wametafutishwa vivimbe kwenye mapafu, humo kimebandikwa kigorila, kikubwa mara 48 ya kivimbe cha kawaida, na 20 hawakukiona! Mashine iliyofuata macho yao ikaonyesha wengi wa hao 20 walitazama pale pale kilipo. Na ndo kazi yao kutazama, sembuse mimi na vibua. Mdogo wangu anasema ubongo hauwezi kushika yote yanayoingia machoni, unashika ulichoutuma, mengine yanapita. Kwahiyo hayo macho kwa macho ya shangazi siyakatai.

Muelezee basi, we unamjulia. Ila gorila usimtaje kabisa, atadhani namfananisha. Ijumaa napita kwake na machungwa ya Muheza. Na vibua vyenyewe nilivikosa, yule mama kavibeba kwa kumi na sita.

Shoga yako,
Mwanahawa