Shukrani kwa mama wa kwenye benchi la mahakama

Mama yangu uliyekaa nami benchini nje ya mahakama hapa Tanga, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kesi yangu ya wizi, ambao sikuufanya, iliondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Nikadhani yamekwisha. Kumbe alama zangu za vidole zilibaki polisi, na shauri likisomeka bado lipo wazi. Kila nilipoomba hati ya tabia njema ili nipate kazi ya udereva, nikarudishwa. Ukaniambia, "Mwanangu, amri ya hakimu haitembei yenyewe. Omba nakala yenye muhuri, uipeleke mwenyewe." Ukaniandikia barua kwa mkono wako, namba ya kesi juu kabisa, ukanikataza kumpa mtu chochote pembeni. Wala hukunificha kwamba kesi kuondolewa hivyo si sawa na kukutwa huna hatia: sheria inaruhusu kushtakiwa tena. Hilo sikuwahi kuelezwa na mtu.

Hati ninayo tangu Jumatatu. Nimerudi benchini mara tatu kukutafuta. Mke wangu amekuwekea kanga, doti nzima, na nyumbani kwetu Ngamiani unasubiriwa, mama.