Kuhusu yale majibu yako ya kipande cha msuli

Rafiki yangu,

Ripoti uliyonitumia nimeisoma yote, na kabla ya yote nakuomba uachane na hilo wazo kwamba misuli yako inaoza. Haiozi. Wakipaka rangi ya Gomori kwenye kipande cha msuli, uzi wa msuli unatoka kijani hivi wa kuelekea bluu, alafu mitokondria, vile vijisehemu ndani ya seli vinavyotengeneza nishati, zinashika nyekundu, sasa zikirundikana pembeni chini ya utando ndo wanaona uzi mwekundu kama umeraruka kingo. Zinarundikana kwa sababu nishati haitoshi, seli inajitahidi kufidia kwa kuongeza mitokondria, ila inayoongeza ni zilezile zenye kasoro. Ndo maana ukipanda ngazi mapaja yanakuishia nguvu haraka hivyo.

Mi naona uzito uko pale walipoandika COX na SDH, vimeng'enya viwili vya mitokondria vinavyosaidia kutengeneza nishati. Nyuzi zako kadhaa COX haionekani kabisa wakati SDH imekolea. COX sehemu zake 3 zinatokana na DNA ya mitokondria yenyewe, ile ndogo yenye jeni 37 tu, lakini SDH yote inategemea DNA ya kwenye kiini cha seli, kwahiyo moja ikizima na nyingine ikabaki wanajua DNA ya mitokondria imeguswa, iwe kosa limeanzia humohumo au kwenye jeni za kiini zinazoitunza. Mtu mzee anaweza akawa na nyuzi chache za hivyo na asiwe mgonjwa, we bado kijana, lazima wafuatilie.

Na tafadhali sana usiridhike na kipimo cha damu peke yake. Ndani ya seli moja DNA za mitokondria zilizo nzima na zenye kasoro zinakaa pamoja, na kiwango kinatofautiana kati ya damu na msuli, damu inaweza ikaonekana safi kabisa. Omba wapime DNA ya huo msuli waliokukata. Kumwambia mama kwamba kasoro imetoka kwake, subiri kwanza, maana sio kasoro zote zinarithiwa kwa mama, zingine zinajitokeza tu kwa mtu.

Moyo nao wakupime umeme wake hata kama husikii kitu. Alafu daktari yeyote akitaka kukupa valproeti, ile dawa ya kifafa, mwambie asubiri mpaka jeni ya POLG, mojawapo ya zile jeni za kiini zinazotunza DNA ya mitokondria, ijulikane iko sawa, ikiwa na kasoro hiyo dawa inaweza kuua ini.

Siku ya kumuona daktari niambie mapema, nataka twende wote, mi nitaandika anachosema we uulize maswali.