Mwanangu, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke

Mwanangu,

Tangu tulipoongea juzi silali vizuri. Sawa, watu wa posa wamesema wanataka mke wa kukaa nyumbani, nimeskia, lakini wewe mbona ushaanza kuandika barua ya kuacha jeshi na babako hata hajaulizwa? Usiipeleke. Kama ishaandikwa itie kwa begi ikae huko.

Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed si alipewa Jeshi la Anga lote, jeshi lako wewe, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa kamanda wa tawi zima la jeshi. Majirani wakaniuliza huyo ndo bosi wa mwanao? Nami nikaitika kwa sauti. Aliingia 1983, Brigedia akaja kuwa 2015, Meja Jenerali 2018, 2024 ndo akapewa hilo, hesabu mwenyewe, miaka 41. Na alianzia kile kikosi cha wanawake peke yao, zama ambazo tulikuwa tukiskia msichana akishika mimba tu anarudi kwao, hadi 1999 kikavunjwa wakachanganywa na wanaume. Wewe umekuta njia ishafyekwa, likizo ya uzazi ipo, halafu utoke kwa maneno ya mama mkwe ambaye hata mkwe bado hajawa?

Kijana mwenyewe simkatai, ana adabu. Lakini mwambie ile nyota ya cheo begani hukuokota. Siku ile ya kuhitimu Lanet, chuo cha maofisa wa jeshi, kola imekuchuna shingo hadi wekundu, jua la utosi, na hukuyumba. Babako aliyekuwa hataki kuskia habari ya jeshi leo picha ya siku ile iko dukani juu ya mizani, kila mteja lazima aonyeshwe.

Na hiyo tabia ya kunyamaza wiki nzima halafu unaamua peke yako siipendi, uliianza utotoni. Ongea na wakubwa zako kazini, wako waliooleka na wanazaa na vyeo wanapanda. Barua usipeleke, nakwambia tena.

Tangi la maji limepasuka chini, fundi anataka elfu nne. Nduguyo karudishwa karo. Ukituma tuma kwa namba ya babako, simu yangu haishiki chaji. Papa mkavu nimempa kondakta wa basi la usiku, ukampokee mapema kabla hajapewa mtu mwingine.

Mamako