Wasifu wa bibi usisubiri msiba

Mhariri,

Matangazo ya tanzia na kumbukumbu katika kurasa zenu yana kasoro inayojirudia. Bibi anatajwa kuwa mama wa fulani, mkwe wa fulani, bibi wa fulani wa London, lakini jina la baba yake halipo, wala kijiji alikozaliwa. Kosa si lenu. Wasifu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na watu waliochoka, wakati aliyekuwa na majibu yuko mochwari.

Sisi tunaoshika kalamu misibani huku Muheza tunashauri kazi hii ifanywe bibi akiwa hai. Saa nzuri ni asubuhi, baada ya chai. Jioni mzee huchoka na huitikia "ndiyo" kwa kila swali. Simu ya kurekodia iwekwe kwanza kwenye hali ya ndege, kwani ikipigwa katikati rekodi hukatika. Ilazwe juu ya kanga iliyokunjwa, maana meza tupu hunasa kila mlio wa kikombe. Dakika 40 kwa siku zinatosha. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo, na siku hiyohiyo nakala itumwe kwa ndugu wawili.

Kigumu ni mwaka wa kuzaliwa. Ukimuuliza alizaliwa lini, atakutajia tarehe ya kwenye kitambulisho, ambayo mara nyingi ni makadirio tu. Uliza kwa matukio. Uhuru wa 1961 ulimkuta amevunja ungo? (Hilo aulize mjukuu wa kike, mvulana atafukuzwa.) Azimio la Arusha, 1967, alikuwa ameshaolewa? Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, alihama na watoto wangapi? Vita vya Amini, 1978 na 1979, nani alikuwa mgongoni? Kisha linganisha na cheti cha ubatizo au cha shule cha mtoto wa kwanza. Tukio moja hupotosha. Matatu yakikubaliana, mwaka utakaopata hautakuwa mbali na ukweli.

Kwa mkoa wetu kuna swali la ziada. Familia nyingi zilifika Tanga kwa ajili ya mkonge: babu aliandikishwa manamba, yaani kibarua wa mkataba mashambani, kutoka Kigoma, Songea au kwingineko, bibi akaja naye au akamfuata baadaye. Andikeni jina la shamba na la kambi, pamoja na kijiji walikotoka. Mkiandika "Kigoma" peke yake, mjukuu akitaka kuwatafuta ndugu hatajua ashukie wapi.

Watoto waandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliofariki wachanga na wa ndoa ya kwanza. Wengi huachwa hapa, na tumeona mtu mzima akiinuka makaburini kudai jina lake. Orodha isomwe mbele ya watoto wakubwa kabla haijachapwa.

Majina ya bibi yaandikwe yote: la kuzaliwa, la dini, la nyumbani, la kitambulisho. Cheti cha kifo kikiwa na jina moja na karatasi za shamba zikiwa na jingine, mirathi hukwama Mahakama ya Mwanzo mpaka vipatikane viapo vya kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja.

Picha za zamani zilizogandia kwenye albamu msizibandue, hubaki nusu. Zipigwe picha kwa simu zikiwa humohumo, mchana, karibu na dirisha. Zilizo huru ziandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, majina kutoka kushoto kwenda kulia. Kalamu ya wino hukandamiza na alama hutokeza usoni.

Ombi letu kwenu, Mhariri: fomu ya kupokelea matangazo ya tanzia iongezwe mistari mitatu ya lazima, yaani jina la kuzaliwa la marehemu, majina ya wazazi wake, na kijiji alikozaliwa. Mistari hiyo msiwatoze wafiwa.

Waandishi wa wasifu misibani,
Muheza, Tanga